Kitabu hakina kosa, lakini sikukipenda

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Tuko wanawake saba, kila mwezi tunasoma riwaya moja kisha tunakutana kuizungumza. Safari hii tumesoma riwaya ya mapenzi ya vijana iliyoandikwa na kijana wa hapahapa mjini, na mwenyewe amekubali kuja kutusikiliza. Wenzangu sita wameipenda. Binti yangu wa kidato cha pili ameisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsikia akilia chumbani. Mimi nimeimaliza kwa kujilazimisha. Nimetafuta kosa sikuliona: Kiswahili ni safi, kisa kinakwenda, ziwa limeelezwa mpaka unahisi upepo. Riwaya za vijana huwa sizikatai; Rosa Mistika niliisoma nikiwa msichana na bado naipenda. Binti aliponiuliza nimeionaje nikamjibu 'nzuri', na nilijua namdanganya. Je, mtu ana haki ya kutokipenda kitabu ambacho haoni kosa lake? Au mimi ndiye niliyekauka moyo? Na siku hiyo nitasema nini mbele ya mwandishi? Nakutumia kitabu chenyewe."*

Marahaba, mwanangu. Bahasha yako ilinifikia hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, na meli ya Jumatano. Riwaya nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa haraka kama msomaji yeyote, ya pili polepole nikiwa na penseli. Jina lake sitalitaja, wala la mwandishi. Ni kazi yake ya kwanza, na ulichoniuliza kinahusu usomaji wako kuliko kinavyomhusu yeye.

Kwa wasomaji wengine nieleze kisa kwa ufupi. Msimulizi ni binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu. Anaishi Kamanga na mama yake, na kila alfajiri anavuka maji kuja shule mjini. Kijana wa kidato cha tano anamwona kwenye kivuko, anampenda, anamwambia, anakataliwa. Anarudi, anakataliwa. Mara ya tatu vilevile. Kijana hachoki, kila jioni yuko kivukoni anamsubiri. Siku moja binti amesinzia kwenye benchi, kijana anafungua begi lake, anachukua daftari analoandikia mambo yake ya moyoni, anasoma, kisha anarudisha. Kesho yake anamletea barua inayojibu kila hofu na kila ndoto iliyoandikwa mle ndani. Binti analia kwa furaha: hatimaye kuna mtu duniani anayemwelewa. Mapenzi yanaanzia hapo. Wanafaulu mitihani wote wawili, na mwisho wanaagana kijana akielekea chuoni, yeye amesimama ukingoni mwa maji.

Haki uliyoiuliza unayo, wala huhitaji kuombewa na mtu. Kinachokusumbua naona kimeanzia kwenye neno letu lenyewe. Kiswahili kimeviweka vyote kwenye kitenzi kimoja: tunapenda wali, tunapenda watoto wetu, tunapenda waume zetu, na kitabu nacho tunakipenda. Ndiyo maana ukisema "sikukipenda" watu wanasikia habari ya mtu aliyeposa akanyimwa. Mwandishi anasikia hivyo, na hata wewe uliyesema unajisikia umemkosea. Lakini mbele ya kitabu kuna maswali mawili, na jibu la moja haliliamrishi la pili. Aliyekiandika ameiweza kazi yake? Hilo unaweza kulijibu kwa utulivu, kama seremala anavyopitisha kiganja juu ya meza ya seremala mwenzake. Na mimi, kimenifanya nini? Hili la pili hakuna wa kukujibia, hata wenzako sita, hata mimi.

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika mkanganyiko huu. Nilifundisha fasihi miaka 29. Tuliwafundisha kuchambua fani na maudhui, kutaja tashbiha na sitiari, kueleza usawiri wa wahusika kwa mifano kutoka kwenye vitabu viwili. Sikumbuki kama niliwahi kumwuliza mwanafunzi hata mmoja, "Wewe ulikipenda?" Swali hilo halikuwa na maksi. Mtu anamaliza shule akijua kupima kitabu na hajui kusema kilimfanya nini, kisha anafika miaka 38 anadhani moyo wake umekosea mtihani.

Wahakiki wetu nao wana jina wanaloziita riwaya za mapenzi na za upelelezi: riwaya pendwa. Kwa miaka mingi jina hilo lilitamkwa vyuoni kwa dharau kidogo, kana kwamba kinachopendwa na wengi hakiwezi kuwa kimeandikwa vizuri. Maswali ninayoletewa mara nyingi ni ya upande huo: mtu amependa kitabu ambacho anaona aibu kukipenda. Wewe umenijia na shida ya pili, ambayo watu hawaisemi, kwa kuwa anayeona uzuri wa kitu na asiupende huonekana ana kijicho au ana majivuno.

Nakuomba jambo moja kabla hatujaendelea. Usiende kutafuta kosa ili lihalalishe moyo wako. Huo mtego ni wa zamani, na umewanasa watu wakubwa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa hiki ninachokaa, alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wengi waliolelewa katika ushairi wa kimapokeo hawakuyapenda, na hiyo ilikuwa haki yao. Lakini wengine hawakuishia kwenye kutopenda, walisema si mashairi kabisa. Mgogoro ule uliendelea miaka mingi, na nguvu nyingi ilipotea katika kubishana kama kitu kipo au hakipo, wakati mtu angeweza kusema tu, "Sikio langu limezoea vina, na hapa limekosa pa kukaa." Kauli hiyo ingekuwa ya kweli, na ingefungua mazungumzo.

Nami nilinaswa. Wakati fulani nilikuwa nasoma miswada kwa niaba ya mchapishaji mmoja. Uliletwa mswada wa mapenzi ya wanafunzi, umeandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku, mwandiko mzuri uliosimama. Sikuupenda. Nikaandika kwenye ripoti: "Lugha ni dhaifu." Miezi michache baadaye yule dada aliyeuandika alinifuata, akaufungua mezani kwangu na kusema kwa heshima zote, "Mwalimu, nionyeshe ni wapi nirekebishe." Nilipitisha macho ukurasa baada ya ukurasa, na lugha haikuwa dhaifu. Nilikuwa nimechukua hisia yangu nikaivisha joho la hukumu. Nilimwomba radhi, ila ripoti ilikwisha kufanya kazi yake, na sikuwahi kuuona ule mswada umechapishwa. Tangu siku hiyo, kitabu nisichokipenda nakiuliza kwanza: ni wapi hasa tulipoachana?

Tuanze na sababu iliyo karibu, kwamba kitabu hakikuandikwa kwa ajili yako. Mwanafalsafa Mskochi David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alisema kwamba mtu wa miaka 20 huenda akampenda zaidi Ovid, mshairi wa Roma aliyeimba mapenzi. Akiwa na 40 atampenda Horace, mshairi mwingine wa Roma. Na pengine akiwa na 50 atamkimbilia Tacitus, mwandishi wa historia. Kwa maoni yake tunachagua mwandishi kama tunavyochagua rafiki, kwa kufanana naye tabia na hali, na tofauti hiyo haina wa kulaumiwa. Nakubaliana naye. Ipo sehemu ya riwaya hii ambayo mtu wa miaka 15 ataila kama embe bichi kwa chumvi, na wewe meno yanakufa ganzi. Kurasa kumi za kungojea jibu la barua, kwa binti yako, ni roho mkononi. Wewe umelipa ada, umezika wazazi, unajua barua itajibiwa au haitajibiwa na jua litachomoza. Sehemu hiyo kwako imepita, na hakuna ubaya.

Lakini sitaki uishie hapo. "Hakikuandikwa kwa ajili yangu" ni mlango mwepesi wa kutokea, na kwako hautoshi. Rosa naye ni msichana wa shule, naye anapenda, naye anaandikiwa barua, na umeniambia mwenyewe kwamba bado unampenda. Kwa hiyo umri wa mhusika haujakufungia nje.

Pembeni ya barua yako, kwa maandishi madogo kama mtu anayenong'ona, umeongeza: "Nilianza kuchoka baada ya lile jambo la begi." Mwanangu, hapo ndipo penyewe. Mpaka pale ulikuwa unasoma vizuri. Ulicheka yule kondakta wa kivuko, ulitaka kujua mama wa binti anaumwa nini. Baada ya begi ukaanza kuhesabu kurasa zilizobaki. Hukukauka moyo, ulistuka. Na kwa kuwa kitabu hakikustuka pamoja nawe, ulibaki peke yako hadi mwisho.

Nimelisoma tukio lile mara nne. Limeandikwa kwa ustadi mkubwa, nasema hivi nikimaanisha. Binti amelala, mwanga wa jioni uko majini, vidole vya kijana vinatetemeka kwenye zipu, na sentensi zinafupika kadiri daftari linavyotoka. Unasikia moyo wake unavyodunda. Kisha inakuja barua, halafu machozi ya furaha. Mwandishi dhaifu angeliharibu tukio hili, nawe ungelipita bila kujali. Huyu ameliweza. Ustadi wake umekushika mkono ukakuvuta hadi mahali ambapo hukutaka kwenda, ukakwambia, "Tazama, panapendeza." Ndiyo maana hukuona kosa. Kilichokuumiza ni uzuri wenyewe, namna ulivyotumika.

Tazama na njia tuliyopita kufika hapo. Binti amekataa mara tatu, na kila kukataa kumeandikwa kana kwamba ni ngazi ya kupandia. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa jambo hili. Usukumani kulikuwa na desturi iliyojulikana kwa jina la chagulaga: vijana wa kiume wanamfuata binti njiani, wanamzunguka, wanamtaka achague mmoja wao. Wazee wanaweza kuisimulia wakicheka. Mabibi wengine niliowasikiliza hawakucheka. Jina lenyewe linasema "chagua", lakini kukataa wote halikuwa jambo rahisi kwa aliyezungukwa. Riwaya yetu imemweka binti kwenye duara kama lile, ingawa anayemzunguka ni mmoja, na imeliita duara hilo uvumilivu wa mapenzi.

Najua utaniambia: lakini binti mwenyewe ndiye anayesimulia, naye amefurahi, mimi nani nimkatalie? Hapa nataka tukae kidogo, kwani swali hili linahusu ufundi, halihusu maadili peke yake. Msimulizi wa nafsi ya kwanza mwenye miaka 16 anaona kama mtu wa miaka 16. Hiyo ndiyo raha yake, na mwandishi hana wajibu wa kumpa macho ya bibi. Lakini mwandishi ni mmoja, na msimulizi ni mwingine. Nyumba ambayo msimulizi amejifungia ndani, mwandishi anaweza kuiachia dirisha: rafiki anayeuliza swali moja halafu ananyamaza, kitu kinachotokea baadaye na kuirudisha siku ile kwa sura nyingine, hata sentensi moja ambayo binti anaisema bila kujua uzito wake na sisi tunaujua. Nimelitafuta dirisha hilo. Rafiki yupo, kazi yake ni kushangilia. Mama yupo, kazi yake ni kufoka. Kijana halipi chochote kwa alichofanya, wala haulizwi. Binti hafungi tena begi lake, na kitabu hakioni kwamba hafungi. Madirisha yote yamezibwa, na yamezibwa vizuri, kwa mbao nzuri.

Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi huyohuyo, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa isisomwe mashuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada. Wengi wanaikumbuka kwa uwazi wake kuhusu mwili. Mimi naikumbuka kwa mahali ambapo msimulizi amesimama. Hayumo ndani ya mtu mmoja, anamwona Rosa, anamwona Charles, anamwona Zakaria baba yake. Barua ya Charles inapoingia mikononi mwa Zakaria na Rosa kupigwa, tunaona kwa pamoja barua ilivyo ndogo, kipigo kilivyo kikubwa, na kitakachoharibika baadaye. Nilipoisoma nikiwa msichana wa bweni nilimchukia Zakaria mpaka nikatamani kitabu kimwue mapema. Nilipoirudia nikiwa mama wa mabinti wawili, nilimchukia vilevile, lakini nikaona hofu yake pia, na nikaogopa kwamba naitambua. Kitabu kilekile kilikuwa na kiti cha msichana na kiti cha mama. Riwaya uliyonitumia imeweka kiti kimoja. Wewe umeingia, umesimama ukutani kurasa zaidi ya mia mbili, na unashangaa kwa nini miguu inauma.

Mama wa yule binti nadhani ndiye aliyekumaliza. Nimehesabu: anaonekana mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo anapaza sauti. Hatujui anauza nini mwaloni, hatujui kwa nini anaogopa. Lakini wewe unajua. Wewe ni mama wa Mwanza, unasoma ukiwa na yote uliyoyaona mtaani kwako. Unajua tangu mwaka 2016 sheria inaweza kumfunga miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, na unajua pia kwamba ni mwishoni mwa 2021 tu ndipo wasichana waliojifungua waliporuhusiwa rasmi kurudi darasani. Kati ya miaka hiyo huenda unamjua mmoja ambaye hakurudi. Sikitaki kitabu cha mapenzi kiwe mkutano wa wazazi, na ningekuwa wa kwanza kukitupa kama kingemwadhibu binti kwa kupenda. Mapenzi ya miaka 16 ni mapenzi ya kweli, na yanastahili riwaya nzuri. Lakini mwalimu mmoja wa fasihi wa Marekani, Louise Rosenblatt, tangu kitabu chake cha mwaka 1938 alishikilia kwamba maana ya kazi ya fasihi huzaliwa pale maandishi yanapokutana na msomaji, na msomaji huja na maisha yake yote. Hukuweza kuyavua maisha yako mlangoni. Hakuna anayeweza, hata binti yako.

Na hilo neno "imeandikwa vizuri" tulitazame, tusilipe heshima kupita kiasi. Tumezoea kulitumia kwa usafi wa sentensi: Kiswahili sanifu, methali mahali pake, jua linalozama nyuma ya Jiwe la Bismarck. Kwa kipimo hicho riwaya hii ina alama za juu. Lakini kuna kuandika vizuri kwingine ambako ni kuona vizuri. Vijana wake wote wawili wanaongea kama wasoma taarifa ya habari; sijawahi kumsikia kijana wa kidato cha tano kwenye kivuko cha Kamanga akisema "ningependa kukufahamisha hisia zangu." Ziwa lake lina upepo na mwanga, halina harufu ya dagaa wanaoanikwa, halina wale kina mama wenye ndoo. Ni mambo madogo, ukitazama moja moja. Yakijumlishwa, yanaonyesha mwandishi anayelainisha kila anachokigusa, na aliyelainisha kivuko atalainisha na begi. Hapa simhukumu, ni mchanga na ana mkono mzuri kuliko wengi waliomtangulia. Natamani auambie mkono wake usifanye kazi ya macho.

Sasa, siku ya mkutano. Usiseme "kizuri", umeshaona ladha ya neno hilo lilipomtoka mtu asiyelimaanisha. Usiseme pia "kibaya", kwa kuwa si kweli. Mwambie kwa mpangilio ulivyotokea: nilikuwa nawe mpaka jioni ya begi, na baada ya hapo sikuweza kukufuata. Mfungulie ukurasa. Msomee sentensi zilezile kwa sauti, uzisome vizuri kama zilivyo, halafu mwulize, "Ulitaka tuone nini hapa?" Huenda akasema hakuwahi kufikiri. Huenda akasema alitaka tushtuke, akadhani inatosha. Huenda akajitetea, na wenzako sita wakamwunga mkono, nawe ukabaki mmoja. Vumilia kuwa mmoja. Mwandishi hupata sifa nyingi zisizo na anwani. Msomaji anayeweza kumwonyesha mstari aliomwachia njiani hampati mara kwa mara, na akimpata humkumbuka.

Wenzako usiwafundishe. Walioipenda wameona kitu. Waulize walichokiona, hasa yule aliye mkubwa kuliko ninyi wote, kwani mtu wa umri huo akipenda riwaya ya miaka 16 huenda anarudi mahali ambapo yeye hakuruhusiwa kukaa. Huko nako kuna usomaji wa kweli.

Kwa binti yako ni vigumu zaidi, na ndiko hasa ninakokujali. Umemwambia "nzuri", na watoto wanaisikia "nzuri" ya namna hiyo. Rudi kwake. Mwambie, "Mwanangu, juzi sikukujibu sawasawa." Mwambie uliyoyapenda kwanza, na yawe ya kweli, yule kondakta, mvua ya sura ya nne. Kisha mwambie pale ulipoishia. Usimwambie kwamba amekosea kulia. Yale machozi ni yake. Analia pengine kwa sababu yumo mtu kitabuni aliyesomwa hadi ndani na bado akapendwa, na hakuna binti wa miaka 14 asiyetamani hilo. Kisha mwulize swali moja ukae kimya: "Wewe wangekufungulia daftari lako, ungejisikiaje?" Usilijibu kwa niaba yake. Ukimya ukirefuka, songa ugali, menya viazi, mikono iwe na kazi.

Wala usiende kupekua begi lake kutafuta kama naye ana kijana kivukoni. Najua wazo hilo limekupitia, lingenipitia na mimi. Zakaria alishika barua isiyokuwa yake. Kijana wa riwaya hii alishika daftari lisilokuwa lake. Mmoja alipiga, mwingine alibembeleza, na Rosa na huyu binti wa Kamanga wote wawili walibaki bila mahali pao pa siri.

Hili nililiacha la mwisho kwa makusudi. Nakala uliyonitumia, nadhani uliichukua kwenye rafu bila kuitazama, ni ya binti yako. Jina lake liko ndani ya jalada. Nilipoifungua nilikuta ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa nyingi, na kwenye ukurasa wa begi ameandika zaidi kuliko kwingine kote, maandishi yamezunguka hadi chini. Nilisoma neno la kwanza, nikatambua kwamba hayo hayakuandikwa kwangu, nikafunga. Riwaya nimeisoma kwenye nakala niliyomwagiza mpwa wangu aninunulie mjini. Yenu nimeiweka kwenye bahasha nyingine, nimeibandika gundi, inarudi na meli ya kesho asubuhi. Juu nimeandika jina lake, si lako. Ikifika, mpelekee ikiwa imefungwa hivyohivyo.